Hoteli Yangu Haikuwa Chafu

Juu ya meza yangu ya kulia chakula kuna chupa ndogo za kioo, zile ambazo zamani zilikuwa na jamu, na ndani ya chupa hizo kuna uchafu. Sisemi hivyo kwa kumtukana mtu. Katika moja kuna vumbi jekundu la kando ya barabara kuu, lililochekechwa kwa soksi kuukuu hadi likawa laini kama unga wa ngano. Katika nyingine kuna masizi yaliyokwanguliwa chini ya sufuria zangu. Kuna kutu ya bati. Kuna majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakakaushwa juani, nayo huwa takataka za jalalani. Kuna chaki iliyosagwa, ambayo siku moja niliidhania kuwa chumvi nikaitia katika muthokoi, tukala mahindi yenye ladha ya ubao wa shule. Kuna nywele pia. Nywele hizo ni zangu, zilizotolewa katika kitana changu bila ruhusa yangu, na sasa ni mkia wa punda.

Mwenye chupa hizo ni mjukuu wangu, huyu anayeandika maneno haya ninapoyasema, na nimemwagiza asipunguze hata moja. Ni mwanamke mzima. Anauza dawa za mifugo dukani hapa Sultan Hamud, na jioni, badala ya kupumzika, hutengeneza uchafu.

Mimi sikusoma. Kiswahili nilifundishwa na mwanamke mwenye asili ya pwani aliyekuwa akipika mahamri karibu na stesheni, nilipofika mji huu nikiwa msichana ninayejua Kikamba tu. Hakuvumilia neno lililovunjika, kama vile hakuvumilia kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu. Nilichukua kwake lugha, nikachukua na kinyaa. Lugha ilinisaidia kuuza. Kinyaa ndicho kilichonilisha.

Maana nilifungua hoteli yangu mwenyewe: chai, maandazi, maharagwe, ng'ambo ya reli, kuta nyeupe na mlango wa buluu. Sultan Hamud ni mji wa vumbi. Vumbi huingia masikioni, huingia katika maziwa, hulala nawe kitandani. Nilipigana nalo tangu alfajiri hadi nilipofunga mlango, kila siku ya Mungu, na madereva wa malori walizipita hoteli nyingine wakaja kusimama kwangu, kwa kuwa kwangu nzi hakutua. Magoti yalipokataa kunibeba nilifunga. Jengo likabomolewa, na mahali pake sasa pana ghorofa linalouza saruji na misumari. Kilichosalia ni picha moja isiyo na rangi, iliyopigwa na mpiga picha wa kupitapita, nayo inaning'inia ukutani ndani ya fremu. Macho yangu siku hizi huiona kama moshi. Najua tu kwamba ipo.

Sasa nitaeleza habari za baraza lao.

Wenyewe huliita jukwaa. Lipo ndani ya simu. Ni watu wa Kitui na Makueni, na wachache wa mbali, wanaojenga vitu vidogo vinavyofanana na vitu vikubwa: malori, mabehewa, nyumba, matangi ya maji, vyote vikiwa vimepunguzwa kwa kipimo kimoja, ili dereva wa mtu mmoja aweze kuingia katika lori la mtu mwingine. Hakuna anayelipwa. Msimamizi wao ni fundi wa redio mjini Kitui, naye husoma kila kinacholetwa kabla hakijaonwa na wengine. Mwenye matusi humtoa, mwenye kuuza bidhaa humtoa, kisha hurudi kwenye redio zake. Nilimuuliza mjukuu wangu anapata nini kwa kazi hiyo. Akasema hapati kitu. Nikamwambia mtu asiyepata kitu kwa kazi ya kila siku ama ni mtakatifu ama ana jambo analoficha.

Wana desturi yao moja. Kila picha lazima ionyeshe kidole gumba cha aliyeitengeneza kazi, kimesimamishwa kando ya kitu chenyewe, ili watu waone udogo wake na wajue ni mkono wa nani. Kwa hiyo, kabla sijawahi kuona uso wa hata mmoja wao, nilikuwa nimevijua vidole gumba vyao. Nilivijua kwa kuchukizwa. Kucha zenye gundi iliyokauka, kucha zenye rangi nyeusi pembeni, kimoja chenye kovu, kimoja chenye hina. Mjukuu wangu alikuwa akinionyesha simu nikiwa ninakula. Nikamwambia vidole vya wageni havikaribishwi kwenye sahani yangu.

Tena wanazungumza bila kukoma. Sauti hutoka katika simu tangu asubuhi: mmoja ameishiwa na waya, mwingine anasema atampelekea, mmoja gurudumu limepinda, watu wanne wanamwelekeza. Mabati yao huyatengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, na karatasi hizo huokotwa chini, mahali watu walipotema mate. Na kusifiana kwao ndiko kulikonitia kichefuchefu zaidi. Siku moja nilimsikia mwanamke akimwambia mjukuu wangu kwa furaha ya kweli:

"Dada, huo uchafu umeuweza. Umeuweza kabisa. Mpaka nimesikia harufu."

"Asante, dada," mjukuu wangu akajibu, akatabasamu kama aliyeposwa.

Kazi hiyo wanaiita kuzeesha. Kitu kikishajengwa kikiwa kipya na kizuri, wanakiharibu. Wanakipaka kutu, masizi, matope, mafuta yaliyovuja, hadi kifanane na kitu kilichotupwa. Mwenye sifa kubwa katika kazi hiyo ni mwanamke wa Mwingi, mwenye kile kidole chenye hina. Wanasema hakuna vumbi asiloweza kuliiga. Nilifikiri: mtu azaliwe, alelewe, afundishwe kunawa, kisha sifa yake kwa watu iwe hiyo.

Mwaka jana baraza liliamua kujenga barabara ya Sultan Hamud kama ilivyokuwa zamani, maduka yote kwa mstari, pamoja na reli nyuma yake. Kila mmoja alipewa jengo lake nyumbani kwake, na siku ingefika wakutane katika ukumbi mjini Wote, waunganishe kazi zao juu ya meza moja, na watu waje kutazama. Mjukuu wangu akapewa hoteli yangu.

Hapo, lazima niseme, sikununa. Aliniuliza maswali, nikamjibu. Mlango ulifunguka upande gani. Meza zilikuwa ngapi. Jiko lilikaa wapi. Akajenga kwa katoni na vijiti, na alipomaliza akaniweka mkononi kitu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Nilikipapasa kwa vidole, nikakisogeza karibu na jicho langu zuri. Kuta nyeupe. Mlango wa buluu. Dirisha ambalo nilikuwa nikipitishia vikombe. Nikakirudisha, nikamwambia kizingiti kiko juu mno, akakishusha. Kikakaa juu ya kabati, na kila nilipopita nilikifuta vumbi kwa ncha ya leso.

Niliporudi kutoka kanisani Jumapili moja nilikikuta kimepakwa uchafu.

Ulikuwa upande wa mbele, kwenye ukuta wote wa chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno cha mtu: weusi wa kijivujivu, kama ukuta ambao walevi wamekuwa wakisimama mbele yake kwa miaka. Nilikaa chini bila kuvua kofia.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Susu," akasema mjukuu wangu. "Ndivyo picha inavyoonyesha."

"Picha gani?"

"Hiyo ya ukutani. Niliipiga picha kwa simu, nikawatumia wakaiona. Chini ya ukuta pana weusi."

"Uliniuliza kama ukuta wangu ulikuwa na alama, nikakuambia haukuwa nayo."

"Niliwaambia hivyo, Susu. Nilibishana nao wiki nzima. Sheria ya jukwaa ni kwamba hakuna kinachowekwa bila shahidi, na picha hutangulia, maneno ya mtu hufuata."

"Na juu ya maneno yangu walisema nini?"

Akazungusha brashi yake kidogo kabla ya kujibu. "Walisema kila mwenye hoteli husema yake ilikuwa safi."

Basi fikiria jambo hilo. Jengo limebomolewa. Walioula mkate wangu wengi wamezikwa. Kitakachosimama mjini Wote mbele ya watu wa Makueni nzima, wakiwamo watoto wa wale madereva, ni hicho kipande cha katoni, na kitawaambia kwamba nilikuwa mwanamke mchafu. Hawakuuliza chochote kingine cha maisha yangu. Sikujenga kanisa, sikusimamia kikundi cha akina mama, watoto wangu ni watu wa kawaida. Nilikuwa na ukuta mweupe katika mji mwekundu. Hicho ndicho nilichokuwa nacho.

Kesho yake, alipokwenda dukani, nilikiosha.

Nilichukua beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya mche na brashi ya vyombo, nikakisugua kama nilivyokuwa nikisugua hoteli yenyewe, kuanzia juu kwenda chini. Uchafu ulitoka. Rangi nyeupe nayo ikatoka. Ukuta ukalainika kama andazi lililochovywa katika chai, bati likabanduka likaelea, na nilipokianika kwenye ua kikauke, kilikuwa kimelala upande mmoja. Nilikiona, na sikukimbilia kukinyanyua. Kilikuwa kimeharibika, lakini hakikuwa kichafu.

Mjukuu wangu aliporudi alikikuta uani.

"Susu, umeosha."

"Nimeosha."

"Kwa sabuni?"

"Unauliza kwa sababu hujazoea kuiona ikitumika."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliinama, akasimamisha kidole gumba chake kando ya ile maiti, akaipiga picha, akawapelekea. Siku ya kukutana ilikuwa imekaribia, na katika barabara yao nzima hapo ndipo pangekuwa na pengo. Nilikaa karibu na simu nikingoja matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi; hata majibu nilikuwa nimeyapanga.

Hawakutukana. Walicheka kwanza, kicheko kirefu, sauti baada ya sauti. Kisha wakanisalimu. Mwanamume wa Salama, yule anayejenga malori, akasema, "Mwambie shosho nina shati la gereji, anioshee." Msimamizi akauliza kwa upole kama nyanya amepoa. Kisha, bila mtu kuwaamuru, wakagawana kazi. Siku chache baadaye vifurushi vikaanza kufika kwenye steji, vimetumwa kwa magari ya abiria: mlango wa buluu kutoka Mukuyuni, wenye bawaba zake, benchi kutoka Salama, mabati kutoka Kitui, yamekwisha kukunjwa. Watu ambao hawajawahi kula chumvi yangu walikuwa wananijengea hoteli.

Jambo hilo pia lilinichukiza, na sitaficha. Mtu akiharibiwa kazi yake na akakasirika, najua nimesimama wapi. Lakini hawa walipokea hasara kama watu wanaopokea mgeni. Mjukuu wangu alifungua vifurushi vile akiimba. Nilimuuliza wanamdai nini baada ya hapo. Akasema hakuna. Akasema lori la yule wa Salama liliwahi kukanyagwa na ng'ombe, yeye ndiye aliyemtumia magurudumu. Nikamuuliza ng'ombe alifikaje kwenye lori la mezani. Akasema hilo ndilo swali ambalo jukwaa zima liliuliza.

Kisha kikaja kifurushi kutoka Mwingi. Ndani yake mlikuwa na kijaluba kilichofungwa vizuri kwa utepe, na ndani ya kijaluba uchafu. Ulikuwa umechanganywa tayari, weusi ule ule wa kijivujivu, pamoja na ujumbe wa sauti unaoeleza namna ya kuupaka ili ukuta uwe kama wa kwenye picha. Mwanamke yule alikuwa amenitumia uchafu kwa gari, umefungwa kama zawadi ya harusi. Niliumwaga kwenye shimo la choo. Ndipo nilipomwambia mjukuu wangu kwamba siku ya Wote ningekwenda naye, na asinipangie wa kunikalisha pembeni.

Ukumbini nilivitambua vidole kabla ya nyuso. Watu walikuja kunisalimu, nami nilitazama mikono yao: hapa kuna kovu, kumbe ni kijana mnene mwenye haya, hapa kuna kucha nyeusi, kumbe ni mwalimu wa Mukuyuni. Msimamizi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye koti kubwa kuliko yeye. Wote walikuwa wamechoka na wamefurahi, wakipitishiana gundi na kuinamiana mabegani kama watu waliolelewa nyumba moja.

Meza ilikuwa ndefu. Sitasema haikuwa kazi. Reli ilikuwapo, na maduka, na tangi la maji ya garimoshi, na nilijua kila mahali nilipokuwa nikitazama, jambo ambalo macho yangu yalikuwa hayajanipa kwa muda mrefu. Lakini walivyopenda uchafu. Nyuma ya bucha palikuwa na rundo la majani yangu ya chai. Mtaro ulikuwa na ukijani unaong'aa kama makamasi. Mbwa alikuwa na vidonda, na mtu fulani alikuwa amekaa akavichora vidonda vile kimoja kimoja. Lori la Salama lilivuja mafuta. Na punda mwenye mkia wa nywele zangu alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu hasa, akiwa na rukwama ya mitungi ya maji. Nyuma yake ilisimama hoteli yangu, mpya, imejengwa na mikono ya watu wengi, na chini ya ukuta mweupe weusi ulikuwa umerudi. Mjukuu wangu alikuwa ameupaka mwenyewe asubuhi ile. Sheria ni sheria, alisema, bila kunitazama.

Mwanamke mmoja mwenye buibui akanikaribia akaniinamia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Nikatazama mkono wake. Hina. "Wewe ndiye uliyenitumia uchafu."

"Ndimi. Ulifika?"

"Ulifika. Niliutupa chooni."

"Basi nilifanya vyema kuja na mwingine," akasema, na waliokuwa karibu wakacheka. Nilimtazama ili ajue kwamba mimi sikucheka. Lakini ndiye pekee aliyenisalimu kwa utaratibu, na hilo nililihesabu.

Nikamwita msimamizi. Nikamwambia ukuta huo ni uongo na utolewe.

"Nyanya, hatukukusudia kukudharau," akasema. "Tunafuata picha tu."

"Picha haina kinywa. Mimi ninacho."

"Kila mtu hapa amefuata shahidi. Nikiuondoa kwako, kesho mwingine ataniambia bucha la babu yake halikuwa na nzi."

"Lilikuwa nao. Nilikuwa jirani yake."

Walicheka tena, naye pia, lakini hakuutoa. Nikasema basi nionyeshwe hiyo picha inayonishinda. Mjukuu wangu alikuwa ameileta, fremu na vyote. Walikuwa na kioo kikubwa cha kukuzia chenye taa, kinachosimama kwa mguu wake, ambacho hukitumia kupaka rangi vitu vidogo mno. Wakaiweka picha chini yake, wakanivutia kiti.

Sikuwa nimeiona picha ile vizuri kwa miaka. Moshi uliondoka. Niliuona mlango, nikaliona dirisha. Niliona weusi wao chini ya ukuta. Hawakuwa wameubuni, ulikuwapo. Kisha nikaona jambo ambalo hawakulitazama, kwa kuwa walikuwa wakitafuta uchafu. Kupitia mlangoni, benchi zilikuwa juu ya meza, miguu juu. Na kando ya kizingiti, nusu yake ikiwa imekatwa na ukingo wa picha, kulikuwa na ndoo iliyoinamishwa.

"Hayo ni maji," nikasema.

"Maji gani, Bibi?" akauliza mwanamke wa Mwingi.

"Huo weusi. Ukuta umelowa. Mpiga picha alinikuta ninaosha."

Mwanamume wa Salama akaguna. "Shosho, kwa heshima. Sultan Hamud ya wakati ule? Watu walikuwa wanafukua mchanga wa mto wapate maji ya kunywa, wewe unamwagia ukuta?"

"Nilimwagia."

"Maji ya punda? Ya kununua?"

"Maji yaliyosuuza vikombe ndiyo yaliyopiga deki, na yaliyopiga deki ndiyo yaliyoosha ukuta. Kila asubuhi. Watu walinicheka kama unavyonicheka wewe."

Hakuwa mbaya. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayetaka kuamini. "Lakini ni wewe unayesema, shosho. Na hoteli ni yako."

Lilikuwa kweli. Hata mwenye ile hoteli ya chini ya barabara, ambaye mende walitembea juu ya maandazi yake mchana, angesema hivyo hivyo kama angekuwa hai. Niliutazama mji ule wa katoni nikaona kwamba ningeweza kuuosha tena kwa sabuni mbele yao wote, na bado wangeujenga upya wakiwa wanaimba, na wangeupaka uchafu.

Mwanamke wa Mwingi alikuwa ameinama juu ya kioo. Alikaa hivyo hadi watu wakaacha kuzungumza.

"Nimekosea," akasema.

"Umekosea nini?" akauliza msimamizi.

"Nimechora vumbi na matope ya ukutani maisha yangu yote humu jukwaani. Uchafu hupanda kutoka chini. Unakuwa mzito ardhini, unafifia ukipanda, hauna mwisho unaoonekana. Huu una mwisho. Tazameni juu, umekatika kama mstari, usawa wa mkono wa mtu anayerusha. Na hii michirizi yote inashuka." Akainua uso. "Bibi amesema kweli. Huu ukuta unaoshwa."

Mwanamume wa Salama akasogea, akatazama, akatazama tena. "Benchi ziko juu ya meza," akasema taratibu. Kisha akaweka mkono kifuani, akaniinamia kidogo. "Shosho, yaishe."

"Hayaishi mpaka utoke," nikamwambia, nikionyesha weusi.

Sikupenda furaha iliyofuata. Walifurahi mno, kana kwamba nimewaletea mbuzi. Wakasukumana kutaka kutazama, wakapigiana picha za vidole kando ya fremu, msimamizi akatangaza kwamba shahidi na picha vimekubaliana. Watu wazima. Lakini mwanamke wa Mwingi hakuwa nao. Alikuwa amekwisha kuchukua pamba na kimiminika fulani chenye harufu mbaya, anaufuta uchafu wake mwenyewe ukutani mwangu, kidogo kidogo, bila kuugusa weupe. Mjukuu wangu akamshikia taa.

"Maji yalikwenda wapi, Bibi, ukishayarusha?" akaniuliza.

"Yalishuka ukutani, yakapita kulia kwa kizingiti, yakateremka hadi barabarani. Pale palipokuwa na jiwe yaliishia."

Akapaka. Kwanza rangi ya kijivu nyepesi juu ya ukuta, yenye kingo kama za kwenye picha. Kisha ardhi mbele ya mlango akaigeuza kutoka nyekundu kuwa nyeusi, akachora kijito kisichozidi upana wa uzi hadi kwenye jiwe. Mwisho akapitisha juu ya vyote kitu kama utomvu, kikang'aa. Katika barabara nzima ile ya vumbi, hapo peke yake ndipo palipokuwa na unyevu. Niliinama kutazama, nikajikuta nimeshika upindo wa leso yangu nisilowe.

"Susu, umeridhika?" akauliza mjukuu wangu.

"Mwondoeni huyo punda," nikasema. "Punda hakuwahi kusimama mlangoni pangu. Alisimama kwa jirani, akinya huko huko."

Wakamsogeza punda mbele ya bucha, pamoja na nywele zangu. Hakuna aliyeuliza shahidi.

Kazi hiyo bado inanichukiza. Mbwa yule bado ana vidonda, na nimesikia mwaka huu wanataka kujenga machinjio. Mwanamke wa Mwingi hutuma sauti kunisalimu, nami humjibu, kwa kuwa alilelewa vizuri kabla ya kuharibika. Chupa zingali mezani, masizi na kutu na chaki, mahali pale pale zilipokuwa. Chumvi nimeihamisha mimi, nikaiweka kabatini.